Rufaa Dhidi ya Kushushwa Benchi la Chini

Veikko Lahtela,
Nyumba ya tatu baada ya kiwanda cha mbao kilichofungwa,
Salo, Rasi ya Keweenaw, Michigan.
Alhamisi, wiki moja kabla ya Siku ya Heikki.

Kwa Ndugu Rudy Karvonen, Mwenyekiti,
na Wajumbe wote wa Kamati ya Sauna ya Ushirika, Salo.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUSHUSHWA KWANGU BENCHI LA CHINI, NA MAKOSA YA KISAYANSI YALIYOFANYIKA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, paa lako halijalemewa na theluji, na lile trekta lako limekubali kuwaka. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo jambo la kwanza ninaloomba liandikwe kwenye kumbukumbu, maana tangu Jumamosi iliyopita watu wa Salo wananisalimu kwa sauti ya chini, kama wanaopita mlangoni kwa mgonjwa.

Jumatatu nilipokea karatasi yenye sahihi yako. Ilinijulisha kwamba, kwa mujibu wa Kanuni ya Saba, mimi Veikko Lahtela, mwenye umri wa miaka sabini na mitano, nimeondolewa benchi la juu la sauna, lenye mvuke mkali na heshima, na kupangiwa benchi la chini, na kwamba kata ya kumwagia maji mawe ya moto nitaikabidhi kwa kijana wa Jokela. Kijana huyo ana miaka hamsini na miwili na wajukuu wawili. Kumwaga maji bado hajui. Anayarusha kama anayezima nyumba inayoungua.

Kanuni ya Saba naijua vizuri kwa sababu niliiandika mimi. Aibu hiyo nitaifikia kwa zamu yake.

Nakata rufaa. Hoja zangu ni hizi zifuatazo, na nimezipa namba ili mjumbe atakayesinzia ajue pa kuendelea akiamka.

1. Kuhusu tukio lenyewe.

Jumamosi, zamu ya wanaume, kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi mia moja na tisini kwa Farenhaiti, kipimo chetu cha huku. Nje ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sufuri. Hayo ni mambo ya kawaida na sina lalamiko nayo. Nilikuwa nimekaa mahali pangu, mwisho wa benchi la juu, kata mkononi. Nilimwaga maji mara tatu. Jokela aliyekuwa kando yangu akasema, "Mzee, inatosha bwana, masikio yanaungua." Nilimjibu kwamba masikio ni pambo tu la kichwa, nikasimama kuchota ya nne. Ninachokumbuka baada ya hapo ni ubao wa sakafu, ambao kwa kweli unahitaji kupigwa randa.

Ripoti ya kamati inasema "alizimia". Napinga neno hilo. Nililala kidogo. Ni kweli kwamba nililala nikiwa nateremka ngazi mbili, nikapita juu ya magoti ya watu wanne na kuondoka na ndoo. Lakini kata sikuiachia, na wote waliokuwepo ni mashahidi. Mtu aliyezimia huachia kata.

Walinibeba wakanilaza kwenye theluji nyuma ya sauna. Dakika hiyo hiyo gari la kwaya ya kina mama wa kanisa la Kilutheri likaingia uwanjani, kwa sababu Jumamosi huwa wanakunywa kahawa ukumbini, likasimama hatua kumi kutoka kichwani mwangu. Sikuwa na hata taulo. Nilianza kutetemeka, na vinyweleo vikanisimama mwili mzima. Baadaye nimeelezwa kwamba hapo mwili unajaribu kutunisha manyoya ambayo binadamu hana. Naweza kuthibitisha kwamba hana. Kina mama kumi na mmoja wanaweza kuthibitisha pia.

2. Kuhusu sayansi iliyotumika kunihukumu.

Jumapili baada ya ibada, Bibi Aili Niemelä, mjumbe wa kamati yenu, aliwakusanya watu ukumbini akachukua chaki. Bibi huyu alifundisha biolojia sekondari kwa miaka thelathini na mmoja na bado hajaacha. Saunani hakuwepo, lakini alieleza kila kitu kilichonipata kwa michoro, na katika michoro hiyo tumbo langu lilikuzwa.

Nilikaa nyuma, nikanakili maneno yake ili nije niyatumie dhidi yake. Alisema hivi: "Chura hana jiko ndani. Jua likiwaka naye anawaka, barafu ikija naye anaganda. Sisi wenye damu moto tunabeba jiko letu wenyewe. Mbwa, kuku, dubu, Veikko, wote hao. Nje kuwe na moto kuwe na barafu, ndani tunabaki pale pale, kila mmoja kwa kipimo chake, sisi watu nyuzi tisini na nane na kitu."

Jokela akauliza kuni za jiko hilo ni nini. Aili akamwambia, "Chakula. Si ndiyo maana unakula pasti tatu za nyama na viazi?"

Kisha akaeleza kwamba ndani ya ubongo kuna kitu cha ukubwa wa haragwe kinachopima joto la mwili usiku na mchana. Kikiona tumepoa, kinafunga mishipa ya mikono na miguu ili joto libaki kifuani, na kinatutetemesha, kwa sababu misuli inayotetemeka inazalisha joto. Kikiona tumechemka, kinafungua mishipa ya ngozi, damu inakimbilia nje kupoa, na jasho linatoka. Jasho likikauka linaondoka na joto. "Sasa Veikko," akasema, "ana miaka sabini na mitano. Jasho lake siku hizi linachelewa kuliko posta. Damu yote ikaenda kwenye ngozi, na yeye akasimama ghafla. Kichwani hakukubaki kitu."

Watu walicheka kwa muda mrefu pale aliposema hakukubaki kitu. Hata mchungaji alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Sasa naomba wajumbe wafikiri. Kwa maelezo hayo hayo, mwili wangu ulifanya kazi yake barabara. Ulipima, ukafungua, ukapeleka damu ilikohitajika. Ulipoona mwenyewe nimesimama kama mpumbavu, ukanilaza chini, mahali ambapo damu hurudi kichwani bila kupanda mlima. Hayo ni maarifa. Anayestahili adhabu ni Veikko, si mwili wake, na Veikko ameshaadhibiwa kwa nundu ya ukubwa wa yai. Niliposimama ukumbini kusema hayo, Aili alinijibu, "Veikko, mwili wako umeshapiga kura. Umekupeleka chini wenyewe." Nanukuu jibu hilo ili kamati ione ninavyoteswa.

3. Kuhusu jasho.

Hoja hii inaniumiza, lakini nimeapa kusema kweli. Kwa miaka hamsini nimejisifu hadharani kwamba mimi sitoki jasho ovyo. Kiwandani nilikuwa nawaonyesha vijana kwapa zangu. Nilimwambia baba yake Martta, siku nilipokwenda kumposa binti yake, kwamba mwili wangu hauvuji. Nilidhani jasho ni dalili ya ulegevu, na kwamba mtu mkavu ndiye mtu wa sauna.

Aili anasema ni kinyume chake. Mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema na kwa wingi, na huo ndio uhodari wenyewe. Kumbe Arto Salmela, tuliyemcheka miaka yote kwa sababu alilowa kabla hajavua soksi, ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Naomba kamati imwombe radhi kwa niaba yangu, kwa sababu mimi mwenyewe naona haya.

Tena anasema hewa ikijaa mvuke, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi chochote. Maana yake kila kata niliyomwaga juu ya yale mawe ilikuwa inafunga njia ya mwisho ya mwili wangu kujipoza. Nimeifanya kazi hiyo kila Jumamosi kwa miaka tisa nikidhani nawahudumia watu.

4. Kuhusu ubaguzi kati ya viumbe wenye damu moto.

Mbwa wangu Musti hatoki jasho la maana hata kidogo. Anatoa ulimi, anahema, mate yanaruka, na watu wanasema mbwa mzuri huyo. Mimi ningehema hivyo kwenye benchi la juu, ningeitiwa gari la wagonjwa.

Jogoo wangu wakati wa baridi anatunisha manyoya mpaka anakuwa wa duara, anakunja mguu mmoja ndani ya manyoya ya tumbo, na upanga wake mwekundu wa kichwani nampaka mafuta ya mgando usigande. Hatoki jasho kabisa. Hakuna kikao kilichoitishwa juu yake.

Bata wa mtoni kwetu wanasimama kwenye barafu peku. Aili mwenyewe alieleza kwamba damu inayoteremka miguuni mwao inapishana na ile inayopanda na kuipa joto lake njiani, hivyo miguu inabaki ya baridi na tumbo la moto. Mke wangu Martta alisimama akasema, "Huyu wangu miguu ni ya bata kweli, ila hiyo ya kupishana sijaiona. Baridi yote anaileta kwangu." Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Kwa hiyo mnyama mwenye miguu ya baridi anasifiwa, mbwa anasifiwa, kuku anapakwa mafuta, na mzee wa watu aliyelala kidogo anashushwa benchi.

5. Hoja hii imefutwa na Martta baada ya kuisoma. Ilimhusu yeye, madirisha ya chumba chetu cha kulala aliyokuwa anayafungua usiku wa theluji, na ule mwaka aliotimiza hamsini na moja.

6. Kuhusu Kanuni ya Saba, na hapa naomba wajumbe waache kahawa kwanza.

Wajumbe wengi mnakumbuka kwamba kabla yangu kata ilishikwa na kaka yangu Arvo, aliyenizidi miaka mitatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwaga maji pembeni mwa mawe na si katikati, na kusubiri mvuke ufike darini kabla ya kuchota tena. Jumamosi moja, miaka tisa iliyopita, alipokuwa anateremka, aliyumba. Hakuanguka. Alishika nguzo, akasimama, akacheka.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Wiki ile ile niliandika Kanuni ya Saba: "Yeyote atakayepoteza fahamu ndani ya sauna, au kuyumba kwa namna inayoelekea kupoteza fahamu, atakaa benchi la chini." Yale maneno kuhusu kuyumba hakuna aliyeyaomba. Niliyaongeza mwenyewe, nikajua yanamhusu nani. Nilisema ni kwa usalama wake, na wajumbe mkapitisha. Arvo aliteremka. Jumamosi iliyofuata kata nilikuwa nayo mimi.

Tangu siku hiyo kaka yangu haongei nami zaidi ya theluji na kuni. "Imeanguka nyingi." "Zako zimekauka?" Nikienda kwake ananitengea kahawa na mkate wa iliki, tunakunywa, tunatazama dirishani, naaga. Hajanitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Sasa kamati inanitaka nikakae kwenye benchi lile lile, bega kwa bega naye, maana benchi la chini ni fupi na jiko limekula nusu ya nafasi. Naomba basi ieleweke kwamba si joto ninalolililia. Namwogopa kaka yangu. Kwa miaka tisa nimemtazama kutoka juu, ambako nilikuwa naona upara wake tu. Huko chini nitamwona uso, na sijui nitamwambia nini.

7. Kuhusu mshitaki wangu.

Karatasi yenu inasema hoja ya kunishusha ililetwa na "mwanachama mmoja". Mwanachama gani? Mwenyekiti, mimi si mtoto. Naona mkono wa Aili, unanuka chaki. Lakini kama si yeye, basi mtu huyo ajitokeze anitazame machoni, kwa sababu kumshitaki mtu aliyelala uchi kwenye theluji ni jambo la woga.

8. Kuhusu lile haragwe.

Nimelifikiria sana. Tunaambiwa kwamba ndani ya kichwa cha kila mwanachama kuna kitu kidogo kinachoamua nani atetemeke, nani atoke jasho, mishipa ipi ifungwe na ipi ifunguliwe, bila kuuliza mtu. Mimi nimekaa kwenye kamati miaka ishirini na miwili. Sikumbuki mkutano wowote uliolichagua haragwe hilo. Halina muhula, halisomi taarifa, halijibu barua. Jumamosi lilitoa uamuzi mkubwa kuhusu mwanachama hai bila akidi. Napendekeza liitwe mbele ya kamati lijieleze. Najua litakuja likiwa ndani yangu, kwa hiyo mtalazimika kunipa kiti.

9. Kuhusu dubu.

Chini ya ghala la zamani la kiwanda amelala dubu mweusi, na Salo nzima inajua. Tangu Novemba hajala wala hajanywa. Joto lake limeshuka nyuzi kadhaa, moyo wake unapiga kwa nadra, na mara moja moja anatetemeka humo humo usingizini ili asipoe kupita kiasi, kisha anaendelea. Kila mwaka Siku ya Heikki tunasherehekea kwamba amegeuka ubavu wa pili, yaani baridi imefika nusu. Tunaandamana barabarani, watu wanavaa ngozi, watoto wanapewa biskuti. Mnyama anageuka tu akiwa amelala, na mji mzima unatoka na bendi.

Mimi nililala dakika mbili nikashushwa cheo.

Hata yule ndege mdogo mwenye kofia nyeusi anayekula mbegu dirishani kwangu, usiku wa baridi anashusha joto lake makusudi ili abane matumizi, na asubuhi anaamka na kuimba. Hakuna anayemwambia amezeeka.

10. Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa utaratibu.

Naomba kwanza neno "alizimia" libadilishwe kwenye ripoti na kuwa "alijirekebisha joto". Hilo likishindikana, kipimajoto cha ukutani kiondolewe, kwa kuwa bila kipimo hakuna anayeweza kusema ilikuwa joto. Na hilo likishindikana, naomba majina ya mabenchi yabadilishwe, la chini liitwe la juu na la juu liitwe la chini, nami nitateremka kwa hiari huku nikiwa nimepanda. Mkiona mabadiliko hayo yatawachanganya wazee, basi sakafu yote ya sauna iinuliwe, na jiko liwekwe darini, ili joto lianze kushuka kama linavyoshuka kwenye mioyo ya wajumbe fulani.

Na kama yote hayo hayawezekani, naomba kuanzia Novemba hadi Aprili nihesabiwe kuwa dubu. Kwa muda huo nikishuka joto, nikilala, nikitetemeka au nikigeuka ubavu mbele ya kwaya, isiwe kosa chini ya kanuni yoyote, ila iwe sababu ya bendi kupigwa. Martta amesema kwa upande wake hana pingamizi, mradi nilale chini ya ghala.

Nimeandika haya kwa akili timamu, mezani jikoni, nikiwa na sweta mbili na soksi jozi tatu.

Msalimie mkeo Helvi na goti lake. Msalimieni Jokela na mumwambie maji yanamwagwa kwa kiwiko, hayarushwi kwa bega. Wasalimieni kina mama wa kwaya, wote kumi na mmoja, na natumaini kumbukumbu zao si nzuri. Mchungaji msalimieni na kikohozi chake. Aili naye msalimieni, lakini kwa kifupi. Na Arvo, mkimwona, mwambieni kuni zangu zimekauka.

Ni mimi, mwanachama wenu tangu sauna ilipokuwa na dirisha moja,

Veikko Lahtela,
Katibu mstaafu.

Nyongeza. Jumamosi, baada ya sauna.

Barua hii niliifunga Alhamisi nikakusudia kukupa mkononi leo. Nimefika saa kumi kamili, nikavua, nikakuta mahali pangu pamekaliwa na Jokela. Nikakaa benchi la chini makusudi, ili nipate hoja ya kumi na moja kuhusu hali ya huko. Arvo alikuwa ameshakaa. Alisogea kidogo. Juu yetu ilining'inia miguu ya wanaume sita.

Kisha akasema, "Umechelewa."

Nikamwambia saa kumi haijapita hata dakika mbili.

"Siongelei leo. Miaka tisa."

Alijifuta uso kwa kiganja, akasema akiwa anatazama jiko, "Hoja ya kukushusha niliileta mimi. Usimsumbue Aili wa watu."

Nikamuuliza kama alikuwa ananilipizia.

"Nilipize nini? Nimekaa hapa miaka tisa natazama nyayo za watu. Kila Jumamosi nasema, leo Veikko ataanguka, atateremka, tutaongea. Wewe huanguki, bwana. Mtu mgumu wewe. Nikaanza kuogopa kwamba nitakufa mimi kwanza."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tu siku zote hizo tulipokuwa tunakunywa kahawa. Akasema, "Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Hapo nilimwambia neno nililopaswa kumwambia siku ile ile niliyoandika kanuni. Silirudii hapa kwa sababu si la kamati. Machozi yalinitoka, nikasema ni jasho.

Arvo akasema, "Aili anasema wewe jasho huna."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba rufaa hii ikataliwe. Zikataliwe hoja zote, na kama inawezekana kwa kura zote, asije mjumbe akanionea huruma akanirudisha juu. Na kama ni lazima kikao kikae, tafadhalini kisiwe Jumamosi saa kumi. Saa hiyo mimi na kaka yangu tuna maongezi ya miaka tisa, na leo tumemaliza mwaka wa kwanza tu.